Kisiki Akataa Kukisia

Kila Jumamosi asubuhi, Kisiki alifagia chumba cha kompyuta kabla wenzake hawajafika. Jina hilo walimpa kwa sababu akishasema hapana, hang'oki.

Klabu yao ilikuwa ikiandika mwongozo wa programu huria ya kusomea vitabu. Programu hiyo hutolewa bure, na kila shule huiunda kwenye kompyuta zake, ikichagua mipangilio ya hiari: hiki kiwemo, kile kisiwemo. Mipangilio kumi na mmoja ilikwisha kuelezwa. Ulibaki mmoja, ulioitwa "nyepesi".

"Andika, 'Huifanya programu iwe nyepesi,'" alisema kiongozi wa klabu, mvulana wa darasa la juu. "Saa sita tunawatumia wenye programu."

"Umeujaribu?" Kisiki akauliza.

"Jina linajieleza, dada."

"Basi mimi siandiki nisichokijua."

"Kisiki kimeota mizizi," mmoja akatania. Wakacheka.

"Tukichelewa, watachukua mwongozo wa shule nyingine," kiongozi akasema. "Lawama zote zako."

"Zilete, nitazibeba."

Akaketi, akaiunda programu upya huku mpangilio ule umewashwa. Kompyuta ilinguruma karibu saa nzima. Msichana mmoja aliyekuwa amecheka na wenzake alimsogezea kikombe cha maji.

Kazi ilipokwisha, Kisiki alimwita mwenzao asiyeona, ambaye husoma kwa kusikiliza. Mwenzao huyo akavaa spika za masikioni, akafungua kitabu, akangoja.

"Mbona kimya? Imekufa?"

Haikuwa imekufa. Kitabu kilikuwa wazi kwenye kioo, lakini sauti ilikuwa imeondolewa. Huo ndio uliokuwa wepesi wake.

Kiongozi akavuta kiti, akaweka vidole kwenye kibodi. "Haya, nitajie niandike."

"Nyepesi: huokoa nafasi kwa kuondoa sauti. Usiuwashe palipo na msomaji asiyeona."

Ilikwisha kuwa saa sita na robo. Mwalimu wa kompyuta alikuja, akasikia yote, akawapigia simu wapokeaji na kuwaeleza sababu. Wakakubali kungoja hadi saa saba. Mwongozo ukatumwa.

"Mwalimu, ni mimi niliyetaka tukisie," alisema kiongozi.

"Umefanya vema kusema," mwalimu akajibu. "Sikilizeni, wanangu. Atakayesoma mwongozo huu yuko mbali, hana wa kumwuliza ila maandishi yenu. Mkikisia, ninyi mtakuwa mmekwenda nyumbani, naye atabaki na kimya kile. Kama hujui, sema hujui, kisha kaa chini ujaribu. Na wakikucheka, waache wacheke."