Andika Jina Lako Kwanza

Kila asubuhi Habuba aliniamsha kwa kugonga sufuria na mwiko. "Ramlah! Amka, wewe afande wa kitanda!" Habuba ni neno letu sisi Wanubi la kumwita bibi. Jina lake ni Zaituni, na ndiye aliyemzaa mama yangu. Nilichota maji bombani, nikawasha jiko la makaa, naye akakaanga gurusa, zile chapati zetu laini za maji. Tulikula kwenye sinia moja, mkono wake na mkono wangu, na jirani aliyepita mlangoni alikaribishwa naye atie mkono.

Mwezi wa sita mwaka 2021 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuja Mbale kutembea siku tatu tu. Korona ikapanda, shule zikafungwa mara ya pili, na njia za kutoka wilaya moja kwenda nyingine zikafungwa pia. Mimi nikakwama Namakwekwe, mtaa wa Habuba hapo Mbale, mama yangu akakwama kwetu Jinja. Wakubwa wakasema watoto tusome kwa redio. Redio ya nani? Betri za nani? Sijasahau, na nyinyi msisahau.

Hata hivyo niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Namakwekwe ilinyamaza. Pikipiki za boda boda, mashine za kusaga, muziki wa vinyozi, vyote kimya. Nilisimama katikati ya barabara mchana kweupe nikasikia nyayo zangu mwenyewe. Moshi na vumbi vilipungua, na mlima wa Wanale ukawa kama umesogea karibu nasi usiku. Niliona maji yakiteremka kwenye mwamba kama nyuzi nyeupe. Nikaziba mdomo kwa mkono. Kumbe ukubwa wote huu ulikuwa juu ya vichwa vyetu, nasi tukipiga honi tu!

Wiki hiyohiyo Habuba alianza kukohoa. Akaniwekea sahani yangu peke yangu, nami nikala bila hamu.

Siku ya pili gari la afya lilipita na kipaza sauti, likitangaza kwa Kiswahili: "Mwenye kikohozi na homa, atoke nje! Msiogope, tutawasaidia!"

Habuba alinivuta ndani, akafunga mlango kwa komeo.

"Sauti hiyo naijua," alisema. "Mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoangushwa na sisi Wanubi tukasakwa, kule Jinja, gari kama hilo lilipita mtaani kwetu. Maneno yalikuwa hayahaya. Tokeni, msiogope. Babu yako Taban akatoka, viatu bado viko mkononi. Mpaka leo sijui nani alimchukua, wala alimpeleka wapi. Wakiniulizia, sema sipo. Niahidi."

Nikaahidi. Akalikagua komeo tena.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Gorreti, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, tuliyemwita Musawo, yaani daktari, barakoa usoni na daftari mkononi.

"Bibi yuko wapi, mwanangu?"

"Amekwenda Jinja."

"Jinja? Na barabara zimefungwa? Ameota mabawa?"

Watu wengi walikuwa wakimsubiri, akaniangalia tena, akaenda zake.

Siku mbili baadaye Habuba hakugonga sufuria. Nilimkuta ameketi kitandani, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Hakuweza kumaliza sentensi moja bila kutafuta pumzi. Nikampigia mama simu nikilia.

"Mama, njoo!"

"Nitapita wapi, Ramlah? Barabara imewekewa vizuizi. Leo Mbale ni mbali kwangu kama Makka. Sikiliza. Aliyepo hapo ni wewe. Nenda kaseme ukweli."

"Lakini nilimwahidi!"

"Uliahidi ukidhani unamlinda. Sasa mwangalie. Unamlinda?"

Nikakimbia mpaka kwa Musawo Gorreti. "Nilikudanganya," nikasema. "Yupo. Hapumui vizuri."

Hakunigombeza. Aliita gari la afya kwa simu, akachukua mkoba wake, akatangulia. Kwetu alimbana Habuba kidole kwa kifaa kidogo chenye taa nyekundu. Ikatokea namba sabini na nane.

"Hii ni hewa iliyomo kwenye damu, inatakiwa ivuke tisini," alisema. "Mama Zaituni, lazima tukupeleke hospitali. Gari liko nje."

Habuba akatikisa kichwa. "Siingii... gari lenu."

Nilidhani atamvuta kwa nguvu. Nilikuwa nimewaona askari wakiwachapa watu fimbo kwa sababu ya saa za kutotoka nje, kwa hiyo nilijua nguvu inafananaje. Lakini Musawo Gorreti alikaa kwenye kigoda.

"Unaogopa nini, mama? Niambie."

"Andika jina lako kwanza," Habuba alisema, akihema baada ya kila neno. "Na la dereva. Na unakonipeleka. Mpe mtoto."

Musawo Gorreti akachana karatasi ya daftari. Aliandika jina lake lote, jina la dereva Siraj, namba ya gari, wodi na namba ya simu. Akatia sahihi. Habuba aliisoma mara mbili, akanikabidhi. Kisha mwanamke yule aliyekuwa akiyakimbia magari kama hilo miaka arobaini na miwili aliinuka, akaomba viatu vyake, akavivaa, ndipo akatoka.

Sikuruhusiwa kuingia wodini. Kesho yake nilimwona kupitia dirisha. Mrija mwembamba ulipita puani, na kifua chake kilipanda na kushuka, kilipanda na kushuka. Pumzi! Kitu tunachokivuta maisha yote bila kukitazama. Nilisimama pale nikiitazama kama nilivyoutazama Wanale.

Alirudi baada ya siku kumi na moja, amekonda, sauti ni ileile. Musawo Gorreti alimsindikiza hadi mlangoni.

"Habuba," nikauliza, "umenikasirikia? Nilivunja ahadi."

"Ahadi ile sikupaswa kukuomba," alisema. "Nisamehe. Na wewe ulimdanganya Musawo huku ukichota maji bomba moja na mtaa mzima. Ungeweza kuwaambukiza watu. Muombe radhi."

Nilimwomba Musawo radhi, naye akanisamehe.

Habuba akashika mabega yetu sote wawili. "Woga wangu haukuwa wa kipumbavu. Watu walinipa sababu ya kuogopa. Lakini ulikuwa woga wa mwaka mwingine, na ugonjwa ulikuwa wa mwaka huu. Ramlah, usifiche mgonjwa, na usiseme uongo mbele ya mtu wa afya, hata kwa kumpenda unayemficha. Na yeyote anayekuja kumchukua mtu wako, mdai jina lake. Mwenye nia njema ataliandika."

Kisha akaketi kwenye kigoda, akavuta pumzi ndefu, akaitoa polepole, wala hakuna hata mmoja wetu aliyemharakisha.