Rangi ya Shetani Ukutani

Jumamosi asubuhi Wembe alikuwa na kazi moja isiyo na mjadala: kukoroga rangi. Baba yake, fundi rangi, alimkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akampa kijiti, na kazi ikaanza. Mdogo wake wa kiume alikuwa wa kuosha brashi. Jina la Wembe alipewa na shangazi yake kwa sababu ya mdomo. Akiwa darasa la sita tayari alikuwa na uwezo wa kumnyamazisha mtu mzima, halafu akaendelea na shughuli yake kama hakusema kitu.

Kazi yenyewe ilikuwa ukuta wa chumba cha watoto kanisani. Mzee wa kanisa alileta picha ya kalenda, akataka ichorwe vile vile ilivyo: Yesu jangwani, malaika kulia, shetani kushoto.

Baba hakuwa mtu wa kuamini kadi za rangi za dukani. Akitafuta rangi ya ngozi ya mtu, alichovya kidole, akampaka mkononi yeyote aliye karibu, akarudi nyuma na kufumba jicho moja. Alipofika kwenye malaika, alimpaka yule mdogo, aliyetoka na weupe wa mama yao. Mama alizaliwa na baba mzungu na mama mweusi. Alipofika kwenye shetani, akachanganya kahawia na nyeusi, akampaka Wembe, aliyechukua weusi wa Baba.

"Hapo hapo," Baba akasema. "Imekubali."

Wembe akaendelea kukoroga. Hakuona ubaya. Alizoea kupakwa.

Mchana Baba akatoka kwenda kununua msasa, na watoto wa darasa la ubatizo wakaanza kuingia. Wembe naye alikuwa wa darasa hilo. Kesho yake walikuwa wabatizwe, na gauni lake lilikuwa nyumbani linamsubiri. Akaingia Redio, kijana ambaye hata usingizini huenda alitangaza. Akautazama ukuta, akamtazama Wembe, akautazama tena ukuta.

"Jamani, njooni muone. Fundi kachora familia yake. Kaka malaika, dada ndiye huyu hapa mwenye pembe. Nyumba moja, mbingu na jehanamu."

Wakacheka. Wembe akafungua mdomo amkate, kama kawaida yake, akakosa la kusema. Akatazama mkono wake. Rangi ilikuwa imekauka pale Baba alipompaka, na hakuweza kuona inaishia wapi na ngozi inaanzia wapi.

Damu ikampanda. Akachukua rola, akaizamisha kwenye ndoo ya rangi nyeupe, akampiga shetani kuanzia pembe mpaka kwato. Mkono haukusimama hapo. Ukaenda kulia, ukala bawa zima la malaika. Watoto wakatoka mbio. Mzee wa kanisa akaingia na kumkuta na rola mkononi.

Hakuuliza kwa nini. Baba aliporudi, Mzee alimwambia kwamba binti yake kesho asimame mbele ya kanisa lote, aombe radhi kwa kuharibu picha takatifu. Asipoomba, maji ya ubatizo atayasikia kwa wenzake.

Baba aliitikia kwa kichwa tu.

Nyumbani Mama alikuwa anapiga pasi lile gauni. Aliposikia, akaweka pasi kando na kutafuta njia ya kulimaliza jambo mapema.

"Mwanangu, sema rola ilikuponyoka. Waombe radhi, tuishi na watu."

"Haikuniponyoka, Mama."

"Najua. Lakini sema hivyo."

"Wewe ni rahisi kwako," Wembe akasema. "Ukuta umekuweka upande wa malaika."

Baba akanyanyuka, akamwambia ashike adabu yake, huyo ni mama yake. Wembe machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakurudi nyuma. Akaunyoosha mkono wake mbele ya Baba.

"Ulipotaka malaika ulimpaka mdogo wangu. Ulipotaka shetani ukanipaka mimi. Kwa nini, Baba?"

"Wewe ndiye uliyekuwa karibu."

"Sote wawili tulikuwa karibu."

Baba alikuwa na hasira, tena hasira ya kweli, ila ilikosa mtu wa kumwangukia, ikamrudia mwenyewe. Akakaa.

Mama akaketi karibu yake. Akaeleza jambo ambalo watoto hawakuwahi kuambiwa. Kaka zake hawakuja harusini kwao. Walikuwa watu wa kanisa, viti vya mbele kila Jumapili, na walimwambia wazi kwamba bwana harusi ni kijana mzuri, mchapakazi, tatizo ni kwamba atawachafulia wapwa zao rangi. Mama alikataa kumwacha mchumba wake, lakini ndugu zake hakuwajibu. Alijiambia yatakwisha yenyewe.

"Nilinyamaza ili tuishi na watu," akasema. "Na leo nakufundisha wewe unyamaze. Nisamehe."

"Na mimi nilidhani yale maneno nimeyatupa," Baba akasema. "Kumbe niliyabeba kwenye brashi."

Jumapili kanisa lilijaa. Mzee wa kanisa akamwita Wembe mbele. Alijua akisema ile habari ya kuponyoka, atabatizwa na mambo yatakwisha. Akamwona Redio amekaa na wenzake, anasubiri uhondo.

"Niliharibu kazi ya baba yangu kwa makusudi," akasema. "Rola haikuniponyoka. Kwa kuiharibu naomba radhi. Nilitakiwa niseme kwanza, sikusema. Lakini kuchukia kwangu siombei radhi. Yule shetani alipakwa rangi ya mkono wangu, na nikachekwa humu ndani."

Mzee wa kanisa akamkatiza, akasema hiyo siyo radhi, hayo ni mashtaka. Hapo Baba akasimama alipokuwa.

"Mzee wangu, nakuheshimu. Mwache mtoto. Rangi ile niliitafuta mimi, kwenye mkono wa binti yangu wa kumzaa."

"Picha hiyo tunayo tangu tukiwa wadogo," Mzee akasema. "Hakuna aliyelalamika."

"Hakuna aliyeulizwa."

Bibi mmoja mweusi tii, aliyekaa karibu na mlango, akasema "ni kweli" kwa sauti ya chini, na kila mtu akamsikia. Mzee wa kanisa akamgeukia. Alikuwa dada yake mkubwa.

Mzee akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Mwisho akauliza, sasa huyo shetani achorwe vipi.

"Asichorwe," mchungaji akajibu kutoka madhabahuni. "Maandiko hayakutupa rangi yake. Tuliitafuta wenyewe, tukaenda kuitafuta kwa mtoto. Fundi, mwache Yesu na mawe yake ya jangwani, inatosha. Binti, jiunge na wenzako."

Wembe akabatizwa. Baadaye nje, Redio akamjia, mikono mfukoni, akasema alikuwa anatania tu.

"Haukuwa utani," Wembe akamwambia. "Anza upya."

Redio akatoa mikono mfukoni. Kwa mara ya kwanza matangazo yalikatika. Kisha akasema samahani, bila kuongeza kitu.

Walipokuwa wanarudi nyumbani, Baba akamsogelea na kumuuliza kama bado amemkasirikia.

"Bado, Baba."

"Sawa. Usinidanganye kwamba imekwisha." Akatembea kidogo. "Nikwambie kitu, mama. Ukiumizwa, mwambie aliyekuumiza, usoni, kabla hujashika rola. Na siku ukiambiwa wewe ndiye umeumiza, usikimbilie kusema hukukusudia. Mimi jana nilikimbilia huko huko, na hukunipisha. Mungu tunayemwomba hapendi watoto wake wapangwe kwa rangi, na sisi wazazi wako tulilijua hilo, ila hatukulisema. Umelisema wewe."

Wembe akamshika mkono, akaubana kwa nguvu mpaka Baba akakunja uso, na hakuuachia.