Mkuki wa Fancy Ulifika Wapi?

Chelimo alikuwa na shamba dogo la chai huko Boito. Aliishi peke yake. Mume wake, mzee Kiptum, alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Mtoto wao wa pekee, Kipkurui, alikuwa Kanada na mke wake na binti yao Fancy, wa miaka kumi na mitatu.

Asubuhi Chelimo alichuma chai. Mchana alipeleka majani kwenye kituo cha kupimia chai. Jioni alikamua ng'ombe, kisha akapika ugali wa mtu mmoja. Na ugali wa mtu mmoja ni kazi ngumu kuliko wa watu kumi. Mwiko ni mkubwa, sufuria ni ndogo, na hakuna wa kukuambia umeiva. Siku nyingine alisahau, akaweka vikombe viwili mezani. Kisha alirudisha kimoja.

Siku yake kubwa ilikuwa Jumapili. Saa kumi na moja jioni, ikiwa asubuhi huko Kanada, Kipkurui alipiga simu. Wakishasalimiana, alimpa Fancy aongee na nyanya yake. Hapo ndipo shida ilipoanza. Fancy alizaliwa huko, na alijua Kiingereza tu. Chelimo aliishia darasa la tatu. Kiingereza chake kilikuwa yes, no, fine na God bless you.

Jumapili moja Fancy aliongea kwa furaha, tena mbio mbio. Mwishoni aliuliza kitu.

"Yes," Chelimo akajibu.

Fancy akauliza tena.

"Yes, yes. Fine."

Mtoto akashusha pumzi, akamrudishia baba yake simu.

"Alikuwa anasema nini?" Chelimo akauliza.

"Ameanza mchezo wa kutupa mkuki shuleni, Mama," Kipkurui akasema. "Alikuuliza babu yake alikuwa anatupa mkuki mpaka wapi."

"Na mimi nikasema yes?"

"Ulisema yes, Mama." Kipkurui akacheka.

Chelimo hakucheka. Mkuki wa mzee Kiptum ulikuwa pale pale, umesimama nyuma ya mlango. Angeweza kuuzungumzia mpaka ng'ombe walale. Maneno ndiyo hakuwa nayo.

Jumapili iliyofuata Fancy hakuongea. "Ana homework," Kipkurui akasema. Jumapili ya pili, eti alikuwa bado amelala. Chelimo hakuwa mjinga. Mtoto alikuwa anachoka naye. Alikuwa na mjukuu mmoja tu duniani, na huyo alikuwa anamponyoka.

Jirani yake, Yunia, alikuwa mwalimu wa gumbaru, darasa la watu wazima pale kanisani. Mara mbili alikuwa amemwalika, na mara mbili Chelimo alikataa. "Gumbaru ni ya watu wasio na kazi," alisema. Kusema kweli, aliona haya.

Basi akafungua sanduku la vitabu vya Kipkurui, akatoa kamusi ya zamani. Alitafuta mkuki. Alitafuta mshale. Alitafuta kukimbia. Kila neno alilolikuta lilikuwa na wenzake, naye akawaandika wote. Kwa wiki moja alijaza maneno arobaini kwenye daftari. Aliyakariri akichuma chai, mpaka ndege wakahama.

Jumapili ikafika. "Nipe Fancy," akamwambia mtoto wake. Fancy alipokuja tu, Chelimo akafungua mdomo.

"Spear! Javelin! Arrow! Dart! Run! Rush! Dash! Sprint!"

"Gogo?" Fancy akasema, yaani nyanya, neno pekee la kwao alilojua. "Are you okay?"

"Spear! Javelin! Arrow!"

Kipkurui akanyakua simu. "Mama! Nani anakukimbiza? Nipigie jirani simu?"

Siku ile Chelimo alilia. Alifunga mlango mapema na hata ugali hakupika.

Jumatatu Yunia alipita akamkuta amekaa kati ya michai, kikapu kitupu.

"Mama Kipkurui, unaumwa?"

"Siumwi, Mwalimu. Nimeaibika tu." Akamweleza yote.

Yunia alisikiliza. Hakucheka, ingawa alitaka. "Niambie, Mama. Chai unachuma namna gani?"

"Si unajua? Majani mawili na kichipukizi."

"Na nikivunja tawi lote nitie kwa kikapu? Si kitajaa haraka?"

"Karani wa kituo atakurudishia yote! Hiyo si chai, ni kuni!"

"Haya. Wewe umevunja matawi ya Kiingereza wiki nzima."

Chelimo akatazama kikapu chake kitupu. Halafu akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu jana.

Wakaenda uani. Chelimo akaleta mkuki wa mzee na daftari lake.

"Haya maneno yako ni ndugu, lakini si mapacha," Yunia akasema. "Huu wa mzee ni spear. Ni wa kulinda ng'ombe. Wa Fancy ni javelin. Ni mwepesi, wa michezo tu. Arrow ni mshale, unahitaji upinde. Dart ni kadogo, mtu anakatupa kwa mkono, kanadunga ubao ukutani."

"Na haya ya mbio?"

Yunia akapiga makofi. Kuku akachomoka mpaka chini ya ghala. "Huyo amefanya dash. Mbio fupi, ya ghafla. Sprint ni ya mwanariadha kwa mashindano."

"Kuku wangu hana mashindano."

"Basi umeelewa. Mama, neno usilisome peke yake. Liweke kwa sentensi, na ulitumie siku hiyo hiyo. Chukua maneno mawili, na swali moja. Mtoto hataki kamusi. Anataka umuulize kitu."

"Na akiongea mbio?"

"Mwambie, slowly, please. Kuuliza si ujinga."

Tangu siku hiyo, Jumanne na Alhamisi, Chelimo alikwenda darasani. Aliwakuta watu tisa, wote wana kazi zao. Mmoja alikuwa msengenyaji mkuu wa pale sokoni, na ndiye aliyekuwa akicheka gumbaru kuliko wote. Yunia pia alimfundisha kupiga picha kwa simu na kuituma.

Baada ya wiki mbili, Jumapili, Chelimo alituma picha ya mkuki. Kisha akamwomba Kipkurui ampe Fancy simu.

"Fancy," akasema polepole. "This is a spear. It was your grandfather's spear."

Chelimo akaogopa kwamba ameharibu tena, lakini akaendelea.

"How far did you throw your javelin?" akauliza.

Fancy akapiga kelele ya furaha, akaanza kuongea mbio.

"Slowly, please."

Mtoto akasimama, akavuta pumzi. "Twenty-four metres, Gogo."

Twenty-four hiyo Chelimo aliijua. Kwenye kituo aliisikia kila siku wakipima kilo.

"How do you say spear?" Fancy akauliza. "In our language?"

"Ng'otit."

Fancy akajaribu. Akakosea. Akajaribu tena, akakosea vibaya zaidi.

"Slowly, please," Chelimo akamwambia, na wote wawili wakacheka mpaka Kipkurui akaja kuuliza kuna nini.

Simu ilipokatika, nyumba ilinyamaza kama kawaida. Kikombe kilikuwa kimoja mezani. Upweke haukuwa umehama. Lakini Chelimo hakukaa. Alitoka nje, akasimama mlangoni, akaanza kuhesabu hatua, hatua ndefu. Ya ishirini na nne ilimfikisha karibu na geti. Pale alichomeka kijiti na kukifunga kitambaa chekundu.

Siku hizi Fancy ndiye anayeomba simu kwanza. Kila Jumapili anampa nyanya yake maneno mawili, naye anarudishiwa mawili ya Kipsigis. Akitupa mbali zaidi, Chelimo hung'oa kijiti na kukisogeza.

Wiki iliyopita kijiti kilivuka geti. Sasa kimesimama kati ya michai, na kila asubuhi Chelimo anaanza kuchuma pale.