Kipimo cha Gurudumu la Kulia

Kila Jumamosi, akishamaliza kuosha vyombo, Chapuchapu alivaa ovaroli iliyompwaya akaenda kumsaidia mama yake gereji. Jina hilo binti alipewa na mama mwenyewe, maana kila kazi aliifanya mbiombio. Mama alikuwa fundi wa magari, na mtaa mzima hakuna aliyethubutu kusema kwamba analipua kazi.

Jumamosi hiyo alitokea aliyethubutu. Jirani yao Mwalimu aliingia na gari lake kuukuu, akashuka bila salamu na kulipiga teke tairi la nyuma la kulia. Tairi hilo lilikuwa jipya wiki tatu tu zilizopita, na sasa upande wa ndani ulikuwa umelika hadi nyuzi zinaonekana.

"Uliniambia magurudumu ya nyuma umeyanyoosha," alisema. "Humu napakia watoto wangu, Mama Fundi. Umenidanganya."

Mama alipandwa na hasira. Alimwambia akagombane na aliyemuuzia tairi bovu. Mwalimu naye akawaka, akasema atamwonya kila mzazi shuleni asilete gari hapo. Mama akaenda kuchukua daftari, akamfunulia kwa kishindo.

Mama hupima kwa kamba. Hufunga moja kila upande wa gari, kisha Chapuchapu hupima kutoka kamba hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya gurudumu, na kuandika. Gurudumu lililonyooka hutoa namba sawa. Daftarini, kushoto ilikuwa kumi kwa kumi, na kulia kumi kwa kumi.

Chapuchapu aliutambua mwandiko wake mwenyewe. Siku ile ya kunyoosha magurudumu, upande wa kulia ulikuwa kwenye dimbwi la tope, pale bomba linapovuja. Alipima kushoto, akanakili namba zilezile kulia, akakimbilia kucheza.

Mama aliinua mkono ili aape.

"Mama, usiape," alisema Chapuchapu. "Kulia sikupima. Nilikimbia tope."

Hasira ya mama haikuisha, ilihamia tu kwa binti yake. Alimgeukia Mwalimu, akamwomba msamaha. Wakafunga kamba upya. Mama akamnyooshea Chapuchapu futi, akamwonyesha dimbwi, ambalo leo pia lilikuwa upande wa kulia.

Alilala topeni. Mbele sentimita kumi, nyuma kumi na nusu. Mama akalegeza bolti, akarekebisha, binti akapima tena, na tena, hadi zikawa kumi kwa kumi. Halafu mama akafungua tairi la gari lake mwenyewe akamfungia Mwalimu.

"Mimi nazungusha spana kwa kuamini namba uliyoandika," alimwambia Chapuchapu, sauti bado kali. "Ukishindwa kupima, sema hujapima, nitapima mwenyewe. Ukiandika uongo, watoto wa watu wanapanda gari bovu ambalo mimi niko tayari kuliapia. Wiki hii tutatembea kwa miguu, mimi na wewe, hadi hilo likuingie."

Chapuchapu aliitikia kwa kichwa. Mwalimu alikuwa ameshika ufunguo, tayari kuondoka.

"Mwalimu, subiri kidogo," alisema. "Kushoto sijarudia kupima."

Akazunguka gari, akalala chini na futi yake.