Kalenda ya Kuukua

Rafiki yangu Araba, wa Cape Coast, alikuwa akichora picha moja ya kalamu na wino kila mwezi. Chumba chake kinavuja, kwa hiyo zote alizihifadhi kwa shoga yake Kuukua.

Septemba ilipokwisha alimpelekea Kuukua kenkey, donge la unga wa mahindi uliochachuka. Njiani ndala ikamkatikia, akaifunga kwa kamba. Alipoingia tu aliona kalenda ukutani, akaifunua: picha zake zote, na chini ya kila moja jina la Kuukua. Kurasa kuanzia Oktoba zilikuwa na jina tu, zikisubiri picha.

“Wewe ungezifungia sandukuni zioze,” Kuukua alisema, akimega kenkey. “Usininunie, bwana.”

“Ungeniambia, shoga. Tumekula sahani moja.”

Umeme ukakatika. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya mvua, na giza likawa totoro. Araba akasikia kalamu ikikwaruza karatasi pale ukutani, taratibu, haipumziki.

“Acha kuchora nikisema na wewe.”

“Nachora na nini?” Sauti ya Kuukua ilitoka nyuma yake, mlangoni. “Niko huku natafuta mshumaa.”

Umeme uliporudi, kalenda ilikuwa imefunuka Oktoba. Pichani mwanamke amesimama, ndala yake imefungwa kamba. Kuukua naye huchora, ila kwa mkono wa kushoto, na mistari yake ya kivuli hulalia kushoto. Hii ililalia kulia, kama ya Araba. Wino ulikuwa bado unachuruzika, ukilifuata jina la Kuukua lililokauka zamani.