Kadi ya Jina la Uongo

Maiti ya Javed ilikutwa Jumatatu asubuhi ndani ya ghala la mbata, nyuma ya duka la mama yake mjini Kilindoni. Aliyeikuta ni Muhidini, mfanyakazi wa ghala, alipokwenda kuzigeuza nazi zilizokuwa zikikaushwa kwa moto wa makumbi, yale maganda yake ya nje. Komeo la chuma lilikuwa limepachikwa kwa nje, na hilo halikumshtua. Kilichomshtua ni matundu ya kutolea moshi: yote yalikuwa yamezibwa kwa vipande vya gunia. Alipovuta mlango moshi ulimpiga usoni, na ulipopungua akamwona bwana wake amelala kifudifudi, mdomo ameuelekeza kwenye upenyo wa chini ya mlango.

Sajini Mwanaharusi alifika kabla ya saa mbili, akifuatana na Konstebo Iddi. Mlango kwa ndani ulikuwa na mikwaruzo ya kucha. Kando ya mkono wa marehemu palikuwa na maikrofoni ndogo, na waya wake ulipita chini ya mlango ukatokea nje. Huko nje ncha yake ilikuwa imelala mchangani, haikuunganishwa na chochote.

"Huu waya unaingia wapi?" Sajini aliuliza.

"Kwenye kinasa sauti chake, afande," Muhidini alijibu. "Kile cha mkononi. Siku hizi alikuwa hakiachi."

Kinasa sauti hakikuonekana ghalani wala nyumbani. Kompyuta ilikuwepo mezani, simu ilikuwepo, hata saa yake ya mkononi ilikuwepo. Sajini alizungusha ule waya kidoleni.

"Iddi, huyu mtu kaua, halafu kaondoka na sauti tu," alisema. "Kaiacha kompyuta, kachukua sauti."

Akavuta kipande kimoja cha gunia kutoka kwenye tundu, akakinusa. Kilikuwa bado kibichi, na kilinuka mwani.

Bi Fatema, mama wa marehemu, alikaa sebuleni katikati ya wanawake waliokuja kumfariji. Hakuwa akilia. Alieleza kwamba Jumapili baada ya magharibi familia nzima ilikwenda imambara, ukumbi wa ibada wa jamaa zao, kusikiliza majlisi. Javed alibaki, akasema ana kazi ya mchezo wake. Waliporudi chumba chake kilikuwa kimefungwa, wakadhani amelala.

"Mchezo gani, mama?"

"Mchezo wa kompyuta. Miaka miwili hana jingine." Akamtazama Sajini usoni. "Nitafutie aliyemfungia mwanangu. Sitaki pole yako. Nataka jina lake."

Aliyeujua mchezo huo ni Alihussein, binamu wa marehemu, aliyechora ramani zake. Alieleza kwamba ulikuwa mchezo wa vita wa zamu kwa zamu: mmoja husogeza majeshi yake, akimaliza mwenzake naye husogeza yake. Programu yenyewe ilimruhusu mtu kutunga vita vyake kutoka katika historia. Javed alichagua uhasama wa Kua na Kisimani, miji ya kale ya Mafia, kama unavyosimuliwa kisiwani: kwamba watu wa Kisimani waliwalaza watoto wa Kua mchangani na kushusha jahazi jipya juu ya miili yao, na kwamba watu wa Kua walinyamaza miaka mingi, kisha wakawaalika wenzao arusini katika chumba cha chini ya ardhi, wakauziba mlango kwa mawe wageni wakiwa ndani.

Sajini aliandika, kisha akainua kalamu. "Wamefungiwa ndani. Kama Javed."

"Ndiyo," Alihussein alisema kwa sauti ya chini. "Na yuko mtu aliyesema Javed atakufa vivyo hivyo. Mzee Ussi wa Kiegeani. Alikuja hapa dukani, watu wote wakasikia."

"Na wewe? Nimeambiwa mligombana wiki iliyopita."

"Tuligombana. Alitaka kuutuma mchezo kwa jina lake peke yake. Lakini jana nilikuwa imambara, nasoma marsiya, tungo zetu za maombolezo, mbele ya jamaa wote. Waulize."

Aliwauliza. Watu zaidi ya ishirini walimsikia akisoma tangu mwanzo hadi mwisho.

Mchana Sajini na Iddi walipanda pikipiki hadi Kiegeani. Mzee Ussi alikuwa barazani kwake akishona wavu, na uani wake kamba za mwani zilikuwa zimeanikwa, magunia kando.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Najua kilichokuleta. Nilisema, na wala sikatai."

"Ulisema nini hasa?"

"Nilisema atafungiwa humo humo anamowafungia watu. Mimi ukoo wangu ni wa Kua. Mtoto wa duka anawafanya wazee wangu wauaji wa wageni, halafu watoto wabonyeze vidude na kucheka? Mimi nikinyamaza nitakuwa mtu gani?"

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Baleni, kwenye maulidi ya mjukuu wangu. Nimelala huko, nimerudi leo saa nne. Na nikwambie, Sajini: ningemwua, ningekwambia. Sina haja ya kujificha kwa neno nililolitangaza."

Iddi alikwenda Baleni na kurudi na majibu. Ussi hakuondoka mbele za watu hata dakika moja. Ndiye aliyeongoza dua.

Basi Sajini alirudi kwenye kompyuta. Alimketisha Alihussein kando yake.

"Nifundishe kucheza. Unifungulie ule mchezo wa mwisho aliocheza Javed."

Ulikuwa umehifadhiwa Jumapili baada ya magharibi. Wachezaji walikuwa wawili, wakipokezana kiti kimoja. Javed alikuwa Kisimani. Aliyekuwa Kua alicheza vizuri zamu za mwanzo: alijenga ngome, akapeleka majahazi. Halafu Javed akatumia kadi fulani, na tangu hapo Kua hakusogeza chochote. Zamu yake ilifika ikapita, ikafika tena ikapita.

"Kadi gani hii?"

Alihussein aliifungua. Iliitwa Jina la Uongo. Mchezaji wa Kisimani alipoitumia, alimnong'oneza adui jina la jahazi lisilo na hatia. Jahazi hilo lilichomwa moto, na lile lenye hatia likapita salama.

"Hii imo katika hadithi ya Kua?"

"Haimo, afande. Hakuna aliyetusimulia hivyo. Nilimwuliza kaitoa wapi, akacheka. Akasema, 'Hii nimeijaribu mwenyewe, inafanya kazi.' Nikadhani ni mzaha."

Kila kadi ilikuwa na sauti ya mwanamke aliyesimulia tukio. Alikuwa na sauti nzito, tamu, iliyokwenda taratibu. Sajini alizisikiliza zote moja baada ya nyingine. Alipoibonyeza Jina la Uongo, sauti ilianza kama kawaida: "Usiku ule jina la jahazi likatajwa, na wasiojua wakashika vienge vya moto, wakaenda pwani, na nahodha alikuwa ame..." Ikakatika. Ukasikika mlio wa kiti kinachosukumwa nyuma. Kisha kimya.

"Mbona hakumaliza?"

"Sikuwepo siku hiyo. Javed alisema msimulizi kapata kizunguzungu, atarudi kurekodi Jumapili."

"Nani huyu?"

"Biubwa. Mwimbaji wa maarusi, anakaa Kiegeani. Mimi ndiye niliyemtafuta, kwa sababu ya sauti yake."

Sajini, ambaye alihamia Mafia kutoka Tanga, alimgeukia Iddi, mzaliwa wa hapo. Uso wa Iddi ulikuwa umebadilika.

"Iddi, hapa kisiwani kuna chombo kilichowahi kuchomwa moto?"

"Kipo, afande. Mashua ya Sadick, mwaka wa elfu mbili na tano. Wakati ule baruti zilikuwa zinapigwa baharini kuua samaki, miamba inavunjika, watu wamechoka. Pakatoka neno kwamba mashua ya Sadick ndiyo inayobeba baruti. Wakaichoma usiku ufukweni. Hawakujua kama mwenyewe amelala ndani. Baadaye ikajulikana hakuwahi kupiga baruti hata siku moja. Aliyelitoa lile neno hakupatikana."

"Sadick aliacha mke?"

"Biubwa," Iddi alisema.

Walimkuta asubuhi ya pili uani kwake, akifunga vipande vya mbegu za mwani kwenye kamba. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye mikono iliyokauka kwa chumvi. Aliwakaribisha mkekani.

"Jumapili jioni ulikuwa wapi, bibie?"

"Nyumbani."

"Dereva wa bodaboda anasema alikuchukua hapa alasiri, akakushusha Kilindoni karibu na duka la Javed. Ulikuwa na gunia."

"Watu wote hapa wana magunia."

"Kweli. Hata mzee Ussi anayo, nami nilianza kwake. Lakini mzee Ussi hakukaa na Javed kwenye kompyuta. Aliyekaa naye alicheza kwa bidii mpaka ilipotumika Jina la Uongo, kisha mikono ikafa. Kadi hiyo hiyo ndiyo iliyokukatisha sauti wiki iliyopita. Na muuaji hakutaka kitu chochote ila kinasa sauti. Nionavyo mimi, ulikwenda kuchukua maneno, bibie. Umeyapata?"

Biubwa aliendelea kufunga fundo lake mpaka likakaza. Kisha akainuka, akaingia ndani. Iddi alisogea mlangoni. Mwanamke akatoka na kinasa sauti kimefungwa ndani ya leso, akakiweka mbele ya Sajini.

"Nimeyapata," alisema.

"Nieleze."

"Nilikuwa nasoma tu. Nilidhani ni mambo ya kale. Nikafika kwenye nahodha amelala, nikaona nasoma kifo cha mume wangu. Nikamwuliza, 'Javed, hili umelitoa wapi?' Akacheka. Akaniambia, 'Dada, kuna watu walikuwa wananiuzia samaki wa baruti, kijiji kikawa kinawatafuta. Nikataja mashua nyingine. Wakaenda huko, wangu wakapita.' Ananieleza kama mtu anayeeleza alivyoshinda bao."

"Hakujua wewe ni mjane wa Sadick?"

"Hakuuliza kama Sadick alikuwa na mke. Mtu ukimtupa hivi, utauliza ana nani nyumbani?"

Iddi aliinamisha kichwa.

"Kwa nini hukuja kituoni?"

"Nije na nini? Na kicheko chake? Miaka saba nimeimba kwenye arusi za watu, na kila nikiingia uwanjani nawatazama wanaume mmoja mmoja. Ni huyu? Ni yule? Hata waliokuja kunipa pole nilikuwa nawanusa kama wana moshi." Alivuta pumzi. "Jumapili nilimtaka tucheze kwanza. Nilitaka kumwona akiitumia ile kadi, pengine mkono utamtetemeka. Haukutetemeka. Nikamwambia sehemu ya arusi tuirekodi ghalani, sauti itajaa kama ya chumba cha mawe. Akafurahi. Akaingia na maikrofoni, kinasa akanipa mimi nje nikishike. Nikapachika komeo. Nikaziba matundu."

"Moto ulikuwa unawaka?"

"Makumbi yalikuwa yanafuka tangu alasiri. Nikapiga magoti mlangoni, nikamwambia: 'Mimi ni mke wa Sadick. Sema ulivyofanya, na sema nani walishika vienge, nikufungulie.' Akasema yote. Akataja wawili walioichoma."

"Ukamfungulia?"

"Sikumfungulia."

Upepo ulitikisa kamba za mwani.

"Alikuwa ameshakwambia yote," Sajini alisema. "Ulikuwa na ushahidi mkononi. Ungeweza kumfungulia, ukaniletea mimi."

"Ningeweza. Nilikuwa nimelishika komeo. Nikamsikia anakohoa, nikajiuliza Sadick alikohoa mara ngapi. Basi nikaliacha." Alinyoosha mikono yake mbele, mikono yote miwili pamoja. "Sijutii, Sajini. Andika hivyo hivyo. Lakini hao wawili wakamate leo. Sadick ana ndugu zake Jibondo, nao sijawasikilizisha. Ukichelewa, hata nikiwa ndani nitawafikishia majina hayo."

Kabla ya adhuhuri Iddi na wenzake waliwakamata wanaume hao wawili, mmoja sokoni, mwingine shambani. Yule wa sokoni alikana. Yule wa shambani alikaa chini kwenye matuta ya muhogo, akaomba maji.

Biubwa alikuwa kwenye benchi la kituo, pingu mikononi, wakati Bi Fatema alipoingia. Alikuwa ameitwa kuitambua sauti ya mwanawe, na alikuwa ametoka kuisikiliza hadi mwisho katika chumba cha Sajini. Hakuna aliyemzuia alipokwenda kusimama mbele ya benchi.

"Ulikuwa unaniita mama," alisema. "Ulikunywa chai yangu."

"Nilikunywa."

"Nimesikia alivyomfanyia mumeo. Sitamtetea, ulimi wangu utakauka. Lakini alikuita dada. Alikuomba."

"Aliniomba. Na mwisho alikuita wewe."

Sajini alimshika Bi Fatema begani, lakini mwanamke yule hakuinua mkono wala hakupaza sauti. Alitengeneza ushungi wake, akageuka.

"Sajini, huyu apewe chakula kizuri," alisema. "Akiumwa aletewe daktari, mimi nitamlipa. Asije akafa kabla ya siku yake. Nataka afike mahakamani mzima, amesimama kwa miguu yake, nami nimekaa mbele namtazama."

"Nitafika, mama," Biubwa alisema.