Samaki wa Chaki

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yulisa alitunga uzi kwenye sindano kumi. Alizichomeka kwenye kimto kidogo cha kitambaa, tano za uzi mweusi upande wa kushoto na tano za uzi mweupe upande wa kulia. Kisha alikiweka kimto hicho mkononi mwa bibi yake.

Bibi Eufrasia alishonea watu nguo katika mtaa wao wa nyumba zilizojengwa juu ya nguzo, mjini Iquitos. Vidole vyake vilijua kazi, lakini macho yalikuwa yameingia ukungu mweupe kama maji ya kuoshea mchele. Aliona mwanga na vivuli. Tundu la sindano lilikuwa limemkimbia siku nyingi.

"Nyeusi ziko kushoto?" bibi aliuliza.

"Kushoto, bibi."

"Maana juzi ulizichanganya, nikashona suruali nyeusi ya mwalimu wako kwa uzi mweupe. Sasa akiinama ubaoni, suruali inacheka kwa nyuma."

"Haijaonekana sana, bibi."

"Darasa zima limeiona, na wewe ndiye uliyeanza kucheka. Haya nenda shule. Na ujitunze barabarani, macho yangu ni wewe."

Siku moja mama yake Yulisa, aliyekuwa mpishi huko Lima, alipiga simu. Hospitali ya huko ilikuwa imetoa siku ya kumpasua bibi macho. Walikuwa wameingoja miezi kumi na minne. Kutoka Iquitos hakuna barabara ya kwenda Lima, na kwa mto na milima safari ni ya siku nyingi. Kwa hiyo mama alikata tiketi ya ndege, ile ya bei ya chini kabisa ambayo hata maji ya kunywa unanunua humo ndani.

"Andika, mwanangu," mama alisema. "Begi moja tu. Urefu sentimita arobaini na tano, upana thelathini na tano, unene ishirini na tano. Likizidi, wanatoza kuliko tiketi yenyewe, na mimi sina hata senti iliyobaki."

Yulisa aliandika vipimo hivyo nyuma ya daftari.

Mtaani kwao hilo halikuwa jambo la mchezo. Mwaka uliopita jirani yao, Bi Nélida, alifika uwanja wa ndege na begi lililojaa samaki wa kukausha. Likakataa kuingia kwenye kipimo cha chuma cha mabegi. Bi Nélida alibishana na wahudumu, akabishana na askari, na alipogeuka kubishana na rubani akakuta ndege imeshapaa. Tangu siku hiyo fundi seremala Teobaldo alitengeneza kasha la mbao lisilo na mfuniko, lenye vipimo vile vile vya ndege, akaliweka mbele ya karakana yake. Kila msafiri wa mtaa alipeleka begi lake pale. Watoto walikusanyika kutazama kama vile ni mpira. Begi likitumbukia, walipiga kelele, "Limeingiaaa!" Fundi naye alilichora chini samaki mdogo kwa chaki. Begi lenye samaki lilikwenda Lima bila wasiwasi.

Jumamosi bibi alimpa Yulisa pesa na utepe wake wa kupimia.

"Nenda sokoni ukaninunulie begi. Pima kwanza, sura utaangalia baadaye. Hata kuoa kungekuwa hivyo, watu wangelia kidogo. Ukitoka sokoni, pitia kwa fundi alitie kwenye kasha. Nikirudi kutoka Lima, begi litakuwa lako la shule."

Neno hilo la mwisho, heri bibi angelimeza tu.

Sokoni kulikuwa na mabegi mawili ya pesa ile. Moja lilikuwa la kijivu, la mraba, limenuna kama panya aliyenyeshewa. Yulisa alilipima: arobaini na nne. La pili lilikuwa la zambarau, lina mifuko ya wavu pembeni na kipepeo wa fedha mgongoni. Alilipima: hamsini na mbili. Akalipima tena, akiubana utepe kwa kidole gumba. Hamsini na mbili.

"Hilo linaingia kwenye ndege yoyote, mrembo," muuzaji alisema.

"Una hakika?"

"Mimi nauza mabegi, sirushi ndege. Unachukua au huchukui?"

Yulisa alimfikiria kipepeo yule akiingia darasani. Sentimita saba ni nini? Hazifiki hata urefu wa kidole cha kati cha mtu mzima. Akalichukua.

Njia ya kawaida ilipita mbele ya karakana ya fundi Teobaldo. Siku hiyo Yulisa alipita nyuma, kwenye njia ya mbao za kuteleza ambazo mbwa wenyewe hawazipendi. Alipokaribia nyumbani alichuchumaa chini ya ngazi, akatoa kipande cha chaki cha shuleni, akamchora samaki chini ya begi. Samaki alitoka mnene.

Bibi alilipapasa begi kutoka juu hadi chini.

"Mbona refu?"

"Bado jipya, bibi. Kitambaa kimesimama. Kitalala."

"Fundi amelitia kwenye kasha?"

"Amelitia. Limeingia."

Bi Nélida, ambaye hakuna mlango mtaani asiousukuma, alikuwa ameshaingia. Alilipindua begi. "Samaki yupo, mwenzangu. Mnene kweli! Fundi siku hizi anakula vizuri."

"Basi," bibi alisema, akatabasamu. "Mjukuu wangu akisema, imetosha."

Yulisa aliligeuza begi upesi, samaki akalala chini.

Anayeruka kwenda Lima kutoka mtaa ule hubeba mtaa mzima. Jumapili Bi Nélida alileta samaki wake kwa ajili ya mwanawe, maana mwaka uliopita walirudi bila kufika. Jumatatu ukaletwa unga wa muhogo uliokaangwa na pilipili ndogo za njano. Jumanne ikaletwa nyama ya moshi. Kila mtu alilisifu begi kwa tumbo lake kubwa, na kila sifa ilimchoma Yulisa mbavuni.

"Wakikuzuia mlangoni je?" jirani mmoja alitania.

"Cha mtu siachi njiani," bibi alijibu. "Wakinizuia nitalikalia begi langu pale pale mpaka kiama."

"Mimi nililikalia, mwenzangu," alisema Bi Nélida. "Kiama hakikuja, na ndege haikungoja."

Wote walicheka isipokuwa mmoja. Yulisa alimjua bibi yake. Akisema atakaa, atakaa. Ndege ingeondoka, na daktari angemwita mgonjwa mwingine. Bibi angerudi nyumbani na ukungu wake, aanze kungoja upya miezi mingine kumi na minne, kama si zaidi. Na yote hayo kwa sababu ya kipepeo.

Jioni hiyo bibi alipika wali wa kufungwa kwenye majani, chakula ambacho Yulisa hukipenda hata kulamba jani. Alikula vijiko viwili akasema ameshiba. Asubuhi ya Jumatano alitunga nyuzi nyeusi saba na nyeupe tatu. Shuleni mwalimu alipogeuka ubaoni na suruali yake inayocheka, Yulisa hakucheka.

Mchana alipotoka shule alimkuta fundi Teobaldo amekaa nyumbani kwao, kofia magotini, na kifurushi cha kumpelekea binti yake Lima.

"Kidogo tu, Bi Eufrasia. Kijiko cha mbao nilichomchongea."

"Tia humo, fundi. Si wewe mwenyewe ulilipima?"

Fundi alinyanyua macho. Polepole alilipindua begi, akamtazama samaki. Yeye alitumia mkono wa kushoto, na samaki wake wote tangu siku ya kwanza walitazama kulia. Huyu alitazama kushoto.

Yulisa alisimama mlangoni, begi lake kuukuu la shule begani.

"Samaki huyu," fundi alisema taratibu, "naona anaogelea kurudi nyumbani." Alimtazama Yulisa, wala hakukasirika, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akakiweka kijiko mezani, hakukitia ndani. "Mimi nipo karakanani mpaka jua lizame. Mtu akinihitaji, kasha lipo nje."

Akavaa kofia yake, akaondoka.

"Fundi ana nini leo?" bibi aliuliza. "Anasema kama mtabiri."

Yulisa alikaa sakafuni karibu na miguu ya bibi.

"Bibi, begi halitaingia."

Sindano ilisimama katikati ya kitambaa.

"Samaki nimemchora mimi. Kwa fundi sikwenda."

Bibi aliuliza, "Ulisahau kupima?"

"Nilipima."

"Utepe ulisemaje?"

"Hamsini na mbili."

"Kwa hiyo hukukosea."

"Sikukosea, bibi." Machozi yalianza kumdondoka. "Nilidanganya. Nililitaka lile lenye kipepeo."

Yulisa alingoja kelele. Afadhali zingekuja. Bibi alichomeka sindano kwenye kimto chake, akanyoosha mkono.

"Lete viatu vyangu. Begi utabeba wewe."

Mbele ya karakana watoto walikuwa wameshajaa, maana Bi Nélida alikuwa na masikio mazuri kuliko redio. Yulisa mwenyewe alilitia begi kwenye kasha. Lilikwama. Alilisukuma, kipepeo akakunjamana, begi likagoma.

"Halijaingiaaa!" watoto walipiga kelele.

"Mimi nilisema tangu mwanzo lilikuwa refu!" alisema Bi Nélida.

"Wewe ulisema samaki mnene," fundi alimkumbusha, na Bi Nélida akapata shughuli ya kufunga kilemba chake.

"Sasa?" bibi aliuliza. "Ndege ni kesho asubuhi, na soko limefungwa."

Yulisa alivua begi lake la shule, lile kuukuu lenye mkanda mmoja uliokatika. Alitoa madaftari yote akayarundika chini, akalitia begi kwenye kasha. Lilitumbukia hadi chini. Safari hii hakuna mtoto aliyepiga kelele. Fundi alichukua chaki akachora samaki wake, anayetazama kulia.

Nyumbani Yulisa alimtungia bibi sindano ya uzi mweusi ili ashone mkanda ule. Bibi aliupitisha uzi kati ya vidole vyake, kisha akamgeukia Bi Nélida, aliyewafuata nyuma.

"Hebu nitazamie. Ni mweusi kweli?"

"Mweusi, mwenzangu."

Ndipo bibi akaanza kushona. Adhabu nyingine hakumpa, na Yulisa angependa kupewa fimbo kumi badala ya swali lile.

Ilibaki mizigo ya watu. Nusu yake haikuwa na nafasi tena, na bibi alisema aliyedanganya ndiye atakayeirudisha. Yulisa alikwenda mlango kwa mlango, akisema maneno yale yale: "Nilidanganya kipimo cha begi. Naomba radhi. Nusu ya mzigo wako imerudi." Mmoja alimkaripia, mwingine alimpa ndizi. Bi Nélida aliwatazama samaki wake wakikatwa nusu, akaguna. "Mwanangu atadhani nimekuwa bahili. Haya, mwaka jana hakupata hata mkia."

Asubuhi bibi alivaa sketi mbili na blauzi tatu, pilipili zikiwa kwenye mfuko wa ndani kabisa.

"Natembea kama bata mwenye mayai," alisema. "Nikipiga chafya, ndege itatua porini."

Yulisa alimsindikiza kwa bajaji mpaka uwanjani. Mlangoni mhudumu alilitia begi kuukuu kwenye kipimo cha chuma. Likatumbukia. Mhudumu mwingine alimshika bibi mkono, nao wakapotea ndani. Yulisa alibaki ameshika chuma cha uzio mpaka ndege ilipopaa, ndipo akavuta pumzi.

Kwa majuma matatu alikwenda shule na madaftari yake ndani ya mfuko wa mchele. "Yulisa, kilo bei gani?" wenzake walimtania. Begi la zambarau lilining'inia ukutani kwenye msumari. Hakuna aliyemkataza kulichukua. Hakuligusa.

Bibi alirudi siku ya mvua, amevaa miwani myeusi. Aliivua mlangoni, akamshika Yulisa kidevu, akamtazama muda mrefu.

"Kumbe una madoa puani! Na hilo hukuniambia."

Kisha akatazama ukutani. Akalisogelea begi, akamgusa kipepeo wa fedha.

"Ni zuri kweli. Ningekuwa na macho siku ile, huenda hata mimi lingenitongoza." Alikaa, akamketisha Yulisa kando yake. "Sikiliza, mjukuu wangu. Mtu akiwa gizani huegemea ukuta. Haupimi wala hauulizi, anauegemea tu. Ukuta ukisogea sentimita saba, zile ulizoona si kitu, mtu anaanguka chini. Mtu akikuegemea, usisogee. Na ukisogea, sema upesi kabla hajaanguka. Ulichelewa, lakini ulisema. Ndiyo maana leo nayaona madoa yako."

Asubuhi iliyofuata, begi kuukuu likiwa bado limejaa vitu vya Lima, Yulisa alifunga madaftari yake kwenye mfuko wa mchele. Alikuwa anashuka ngazi aliposikia anaitwa.

"Wee Yulisa!"

"Abee, bibi."

"Sindano zangu ziko wapi?"

"Lakini bibi, sasa unaona. Si unaweza kutunga mwenyewe?"

"Naona, tena sana. Naona hata vumbi ulilolifagilia chini ya kitanda. Tunga."

Yulisa alirudi, akakaa kwenye mwanga wa dirisha. Alitunga tano za uzi mweusi akazichomeka kushoto, tano za uzi mweupe akazichomeka kulia. Akahesabu mara mbili, akakiweka kimto mkononi mwa bibi.

Bibi Eufrasia alichomoa sindano ya kwanza kutoka kushoto, na bila kuitazama, akaanza kushona suruali nyeusi.

"Mshushe yule kipepeo, mpeleke shule," alisema. "Amechoka kukaa ukutani."